KHUTUBA YA IJUMAA: KAZI HAINUNULIWI

Bismillahi Rahmani Rahim

KHUTUBA YA KWANZA

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote, anayemruzuku mdudu chini ya jiwe na samaki ndani ya maji. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba wake, na kila mwenye kufuata njia yao mpaka siku ya malipo. Amma baad.

Ndugu Waislamu, ninaiusia nafsi yangu na ninawausia ninyi tumche Allah (S.W.) katika ibada zetu na katika mifuko yetu pia, kwani wengi wetu tunamcha tukiwa juu ya msala, tukifika sokoni tunamsahau.

Leo tunataka kuzungumza juu ya jambo linalokula nyumba zetu kimya kimya. Ni jambo la watu wanaouza kazi.

Mambo huanza hivi. Kijana amemaliza masomo, diplome ya leta anayo, amezunguka nayo mjini mpaka karatasi imechanika kwenye mikunjo. Siku moja anapata ujumbe katika telefone, au anaona tangazo limebandikwa kwenye mti: kampuni ya madini huko Kolwezi inatafuta madereva, walinzi, wapishi na wachomeleaji; mshahara dola 800; nafasi ni chache; mwisho ni kesho. Anapiga simu. Anayejibu ni mtu wa upole, anamwita mdogo wangu, anamuuliza hata hali ya wazazi. Anaambiwa alete dosie kwenye biro, na biro kweli ipo: meza, kompyuta, bendera, na picha ya mtambo mkubwa ukutani. Anaambiwa: umechaguliwa, imebaki pesa ya dosie tu, dola 20. Wiki ya pili ni pesa ya kupimwa na daktari, dola 35. Kisha pesa ya beji, kisha ya kombinezoni na bota. Mama anauza mashine yake ya kushona. Baba anakopa kwa jirani. Siku ya safari vijana 40 wanakutana alfajiri mbele ya ile biro, kila mmoja na begi lake. Mlango umefungwa. Telefone haipatikani.

Angalieni jinsi mtego huu ulivyotegwa. Angeomba dola 200 siku ya kwanza, kijana angekimbia. Anaomba 20. Ukishatoa 20 unaogopa kuzipoteza, basi unatoa 35 ili uzilinde zile 20, halafu unatoa 50 ili uzilinde zile 55. Mwisho mtu halipi tena kwa ajili ya kazi, analipa kwa ajili ya pesa aliyokwisha kuitoa. Na neno "mwisho ni kesho" liliwekwa pale kwa makusudi, kusudi usipate usiku mmoja wa kulala na kuuliza wenye akili.

Ndugu zangu, Imamu Bukhari amepokea kutoka kwa Abu Huraira (R.A.) hadithi ya Qudsi ambayo kila mtu wa biashara ya kazi angepaswa kuisikia kabla hajafungua mlango wa biro yake. Humo Mtume (S.A.W.) anatufikishia kwamba wako watu wa namna tatu ambao Allah mwenyewe atakuwa mshitaki wao Siku ya Kiyama. Wa kwanza ni aliyetoa ahadi kwa jina la Allah akaivunja. Wa pili ni aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Wa tatu ni aliyemwajiri mtu, akachukua kazi yake yote, asimpe ujira wake. Mkiangalia vizuri mtaona kwamba muuza kazi anaweza kuingia katika milango hii yote mitatu, na wengine wanaingia yote mitatu katika mwaka mmoja.

Kabla hatujaenda kwenye milango hiyo, tuulize kwanza: kazi ya halali inaanza vipi? Allah ametupa mfano katika Surat al-Qasas. Nabii Musa (A.S.) alifika Madyan akiwa mkimbizi. Hana nyumba, hana ndugu, hana chakula. Aliwanyweshea mifugo wanawake wawili bila kudai kitu, akarudi kivulini akamwomba Mola wake. Na ni nani aliyemwita mwenzake? Yule mzee ndiye aliyemtuma binti yake amwite Musa, ili amlipe kwa kazi aliyokwisha kuifanya. Kisha binti akamshauri baba yake amwajiri, akataja sifa mbili tu: nguvu na uaminifu. Hakusema ana pesa kiasi gani ya kutoa. Ndipo mzee akaweka wazi masharti kabla kazi haijaanza: muda ni miaka 8, ikifika 10 ni hiari ya Musa mwenyewe, malipo yake ni haya, wala sitaki kukutaabisha. Musa akakubali, na wote wawili wakamweka Allah kuwa ni wakili juu ya maneno yao. Ibn Abbas (R.A.) alipoulizwa Musa alitimiza muda upi, alijibu kwamba ni ule mrefu zaidi.

Hapo ndugu zangu mna shule nzima ya kazi. Mwenye kazi anajulikana, nyumba yake inajulikana, kazi inajulikana, muda unajulikana, malipo yanajulikana, na pesa inatoka kwa mwenye kazi kwenda kwa mfanyakazi. Haitoki kwa mfanyakazi. Musa hakulipa pesa ya dosie Madyan. Kwa hiyo mkisikia kazi ambayo njia ya pesa imegeuzwa, anayetafuta mkate ndiye anatakiwa kutoa mkate kwanza, simameni hapo hapo, hata kama karatasi ina mihuri mitano.

Wako wanaosema: lakini hii si pesa ya kazi, ni pesa ya fomu tu. Au ya mafunzo, ya usafiri, ya bima, ya kufungua akaunti. Jina linabadilika, mfuko ni ule ule. Mfano ulio karibu nasi ni wa mashirika makubwa. Tangu siku za MONUC, ambayo mwaka 2010 ilibadilika kuwa MONUSCO, watu wengi katika nchi yetu wamechapisha barua za uongo zenye alama ya Umoja wa Mataifa. Basi jueni kwamba Umoja wa Mataifa wenyewe umetangaza wazi kuwa hauombi malipo katika hatua yoyote ya kuajiri, iwe kupeleka maombi, kuhojiwa, kushughulikia dosie wala mafunzo, na hauna haja ya habari za akaunti ya benki ya mwombaji. Akija mtu na barua ya shirika kubwa, ukakuta adresi ya kujibu ni ya Gmail au Yahoo, na namba ya kutuma pesa ni ya Airtel Money au M-Pesa yenye jina la mtu binafsi, hapo huhitaji mwanachuoni wa kukufasiria.

Sasa nitasema neno ambalo huenda baadhi yenu hawatalipenda. Tapeli wa kazi anapata pa kukaa katikati yetu kwa sababu sisi wenyewe tumekubali kwamba kazi inanunuliwa. Tumezoea. Tunaambiana: bila matabishi huwezi kuingia pale, toa kitu kidogo kwa mkubwa wa watumishi, jina lako litaonekana kwenye liste. Kwa hiyo tapeli akiomba pesa, hatushangai. Tunauliza ni kiasi gani. Kama katika mji huu ingekuwa aibu kulipa ili upate kazi, mtu wa kwanza kuomba dola 20 angefukuzwa na watoto wa kartie. Lakini kwa kuwa muuza kazi ya kweli na muuza kazi ya uongo wanasema maneno yale yale, katika lugha ile ile, kijana atawatofautisha kwa nini?

Na kuna kufuli jingine. Aliyetapeliwa anaogopa kwenda kushitaki, maana ataulizwa: ulikuwa unalipa nini? Atajibu kwamba alikuwa ananunua nafasi. Basi ananyamaza. Anarudi nyumbani na aibu yake, na yule mtu anahama avenyu mbili anafungua biro nyingine. Aibu yetu ndiyo mtaji wake.

Mtume (S.A.W.) amemlaani mtoa rushwa pamoja na mpokeaji. Najua swali mnalo: je, mtu aliyelazimishwa? Wanazuoni wamesema kwamba mtu aliyezuiliwa haki yake iliyo wazi, asipate njia nyingine ya kuifikia, dhambi iko kwa aliyemzuilia. Lakini kazi ambayo bado hujapewa si haki yako peke yako. Wako 10 wameleta dosie. Ukilipa ukapita, umewadhulumu 9, na huenda mmoja wao ana watoto walio na njaa kuliko wako. Hatuwezi kuita hiyo dharura na kulala usingizi.

Nirudi kwenye milango mitatu ya ile hadithi.

Mlango wa kwanza ni jina la Allah. Ndugu zangu, tapeli anayekuja kwa Waislamu haji na lugha ya walevi. Anakuja na kofia, na salamu ndefu, na wallahi tatu katika kila sentensi. Anaswali safu ya mbele Ijumaa mbili, Ijumaa ya tatu anasema ana nafasi 15 za kazi na angependa "kuwapendelea ndugu zake wa dini." Imepokelewa kwamba Umar bin al-Khattab (R.A.) alitaka mtu wa kumtambulisha shahidi fulani. Mmoja akasema: mimi namjua. Umar akamuuliza kama ni jirani yake anayejua anavyoingia na anavyotoka, akasema hapana. Akamuuliza kama aliwahi kushughulika naye kwa dinari na dirhamu, akasema hapana. Akamuuliza kama aliwahi kusafiri naye, akasema hapana. Basi Umar akamwambia kwamba hamjui mtu huyo. Labda alimwona tu msikitini akiinua kichwa na kukishusha. Hayo ni maneno ya khalifa juu ya watu wa Madina, wakati masahaba bado wako hai. Sisi wa leo je?

Tena tazameni Mtume mwenyewe (S.A.W.) siku ya hijra. Yeye na Abu Bakr (R.A.) walihitaji mtu wa kuwaonyesha njia. Walimwajiri Abdullah bin Uraiqit, naye wakati ule alikuwa bado katika dini ya Makuraishi. Walimwamini kwa sababu alikuwa hodari wa njia na mwenye kushika ahadi. Walimkabidhi ngamia wao na kuagana naye pango la Thaur baada ya siku 3, na alifika. Uaminifu unapimwa kwa mambo mtu aliyoyafanya. Anayekuambia niamini kwa sababu mimi ni Mwislamu, mwulize ni nani amefanya kazi kupitia kwake, anakaa wapi, na uende ukaonane na mtu huyo uso kwa uso. Sauti za kusifia zilizotumwa katika WhatsApp si ushahidi. Zamani sokoni alikuwako mtu anayepandisha bei naye hana nia ya kununua, wanazuoni wanamwita mwenye najash, na Mtume amekataza jambo hilo. Wale wanaoandika "mimi nimeshapata, jamani lipeni haraka" ni wajukuu wake.

Mlango wa pili ni kumuuza mtu huru. Msifikiri habari hiyo ilikwisha na minyororo. Wako mawakala wanaozunguka katika miji yetu na ya jirani wakitafuta wasichana wa kwenda kufanya kazi za nyumbani Uarabuni. Sisemi kwamba kila anayekwenda huko anaangamia. Wako waliokwenda kwa mkataba wakatuma pesa wakajenga. Lakini sikilizeni biashara hiyo inavyokwenda. Tajiri wa kule amelipa pesa nyingi kwa ajansi ili aletewe mfanyakazi. Viza ya msichana imefungwa kwa jina la tajiri huyo, anayeitwa kafili. Akifika, mara nyingi pasipoti inachukuliwa. Akiona kazi si ile aliyoahidiwa, au mshahara hauji, au anapigwa, akataka kurudi, anaambiwa: rudisha kwanza pesa tuliyokununulia. Ndugu zangu, mtu ambaye hawezi kuondoka mpaka bei yake irudishwe, tumwite nani?

Na inaumiza kwamba neno wanalolitumia ni neno zuri la Kiarabu. Kafala ni kumdhamini na kumtunza mtu, kama vile Qur'ani katika Surat Al Imran inavyotaja kwamba Nabii Zakariya (A.S.) alimlea Maryam. Wamelichukua neno la malezi wakalifanya kufuli. Na kwa kuwa wanajua tunavyoipenda Makka, wanamwambia binti: utafanya na umra. Wazazi, msitoe baraka zenu kwa sababu ya neno hilo moja. Ulizeni: mkataba uko wapi, umeandikwa kwa lugha gani, nani ameutafsiri? Viza ni ya kazi au ya kutembelea? Anayekwenda kufanya kazi kwa viza ya kutembelea amepelekwa akiwa tayari ni mkosaji mbele ya polisi wa kule, na wakala analijua hilo. Jina na mji wa tajiri ni upi? Binti abaki na kopi ya pasipoti nyumbani, akubaliane na mama neno moja la siri ambalo akilisema katika simu, mama atajua kwamba mambo yameharibika hata kama kuna mtu anasikiliza.

Mlango wa tatu ni ujira. Hapa hatuzungumzi juu ya biro za uongo. Tunazungumza juu ya ajansi zenye muhuri wa kweli. Huko kwenye migodi ya shaba na kobalti ya Lualaba na Haut-Katanga, watu wengi hawaajiriwi na kampuni yenye mgodi. Wanaajiriwa na ajansi, na ajansi inawapeleka mgodini. Jambo lenyewe si haramu, wala si kila ajansi ni ya wezi. Wakala anayefanya kazi ya kweli ana haki ya malipo yake, na anayepaswa kumlipa ni kampuni iliyomwomba watu. Lakini zipo zinazokula pande zote mbili: zinalipwa na kampuni kwa ajili ya kila kichwa, kisha zinamkata mfanyakazi kila mwezi bila kumwambia ni kiasi gani. Anasaini mkataba ambao hakupewa kopi yake. Wanamkata pesa ya CNSS, na siku akivunjika mguu anakuta jina lake halijulikani kule. Wanamwambia yuko katika majaribio, majaribio hayo yanachukua mwaka.

Jueni haki yenu, kwani asiyejua haki yake huiuza kwa bei ya ndizi. Sheria ya kazi ya nchi yetu, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, imeweka mpaka wa majaribio: kwa mfanyakazi asiye na ufundi maalumu hayapiti mwezi 1, kwa wengine hayapiti miezi 6. Na siku za majaribio ni siku za kazi, zina mshahara wake. Mtume (S.A.W.), kama alivyopokea Ibn Majah, ameamuru mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Wewe unalipwa baada ya jasho kukauka mara 90, na unaambiwa ushukuru.

Ninayasema haya, na ninamwomba Allah msamaha kwa ajili yangu na kwa ajili yenu. Mwombeni msamaha, hakika yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTUBA YA PILI

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wake.

Ndugu Waislamu, kwanza nina neno kwa mtu mmoja ambaye huenda amekaa katika safu zetu sasa hivi. Wewe si mwenye biro. Wewe uliambiwa: leta watu, kila kichwa dola 5. Ukawapeleka wa kwenu, mtoto wa shangazi, jirani wa parsela, kijana mliyesoma naye madrasa. Walikwenda kwa sababu ya uso wako. Mwenye biro amekimbia, wewe unasema: hata mimi nilidanganywa. Inawezekana siku ya kwanza ulidanganywa. Lakini ulipoona kundi la kwanza halikupata kazi, ukapeleka la pili, ulikuwa unajua. Toba ya haki ya Allah ni kuacha, kujuta na kuazimia kutorudi. Toba ya haki za watu ina sharti la nne, nalo ni kurudisha. Rudisha zile 5. Huna zote, rudisha 1 kila mwezi, uende kwao na miguu yako, na uwaambie jina la aliyekutuma na mahali alipo. Hilo la mwisho huenda litawafaa kuliko pesa.

Pili, neno kwa sisi tunaocheka. Kijana akitapeliwa tunasema: tamaa imemponza. Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni akaingiza mkono katika rundo la chakula, vidole vikakuta majimaji, alimuuliza mwenye chakula kwa nini hakuweka kilicholowa juu watu wakione, na akasema mwenye kutudanganya si katika sisi. Hakumgeukia mnunuzi kumwambia kwa nini hukuchunguza. Baba mwenye watoto 6 aliyeamini ahadi ya mshahara si mtu wa tamaa. Ni mtu mwenye njaa aliyesikia sufuria. Tukimcheka tunamsaidia mwizi, maana kesho mwingine atanyamaza.

Tatu, mambo ya kufanya, nayo si mengi. Katika Surat al-Hujurat Allah anawaamuru waumini wachunguze habari inayoletwa na mtu asiyeaminika, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua. Basi kabla ya kutoa hata franga 1, chukua jina la kampuni uende wewe mwenyewe, si kwa namba iliyoandikwa kwenye tangazo, ukaulize kwenye mlango wa kampuni hiyo kama inatafuta watu. Ukaulize ONEM, ofisi ya taifa ya kazi iliyoanzishwa mwaka 2002, na ukaulize kwa inspekta wa kazi, kwani ajansi za kutafutia watu kazi zinatakiwa kuwa na kibali cha wizara. Usiache diplome ya asili wala karte yako ya uchaguzi mikononi mwa mtu, peleka kopi. Kama umeshalipa, usifute ujumbe katika telefone hata kama unakuudhi. Andika tarehe, namba, kiasi, na majina ya waliokuwapo. Surat al-Baqara imetuamuru kuandika madeni, dogo au kubwa, tusichoke.

Na ukishatapeliwa, shitaki. Katika kitabu cha sheria ya jinai ya nchi yetu, kipengele cha 98 kinamhukumu tapeli kifungo cha miezi 3 mpaka miaka 5. Kwa habari ya wanaosafirisha watu na kuwauza, iko sheria ya tarehe 26 Desemba 2022. Ninajua mtasema: kwa polisi nako wataomba pesa ya karatasi. Ni kweli, mara nyingine wanaomba. Ndiyo maana mtu asiende peke yake. Mmoja akienda ni mlalamikaji, wakienda 40 pamoja na karatasi zao hata OPJ atavuta kiti.

Kabla ya kupewa utume, Mtume wetu (S.A.W.) alihudhuria mapatano pale Makka katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an. Mfanyabiashara mgeni kutoka Yemen alikuwa ameuza mali yake kwa mkubwa mmoja wa Makuraishi, al-As bin Wail, naye akakataa kumlipa. Mgeni hakuwa na kabila pale mjini. Akapanda mlimani akapiga kelele. Baadhi ya watu wa Makka wakakusanyika wakaapa kuwa mkono mmoja pamoja na aliyedhulumiwa mpaka haki yake irudi, wakaenda kwa al-As wakaichukua mali wakamrudishia mwenyewe. Mapatano hayo yanaitwa Hilf al-Fudul. Miaka mingi baadaye, akiwa Mtume, alisema kwamba angeitwa tena kwa jambo kama lile katika Uislamu angeitikia.

Kwa hiyo jumuiya imekubaliana haya. Kuanzia leo hakuna tangazo la kazi litakalobandikwa kwenye ukuta wa msikiti wala kutangazwa baada ya swala, mpaka mleta tangazo aandike jina lake, parsela yake na jina la kampuni katika daftari la katibu, na watu wawili waende kuhakikisha. Asiyetaka kuandika jina lake, tangazo lake litarudi naye. Na waliolipa pesa ya kazi wasipate kazi, Waislamu na wasio Waislamu, kwani dhuluma haina dini, waje Jumapili baada ya swala ya alasiri na karatasi zao na telefone zao. Kina mama watapokelewa na kina mama wenzao katika chumba cha madrasa. Wako kati yetu waliosoma sheria ambao watasaidia kuandika mashitaka bila malipo, na watakwenda pamoja nao parke Jumatatu asubuhi.

Ewe Mola wetu, waruzuku vijana wetu kazi za halali, warudishe salama mabinti zetu walio mbali, na uwape waliodhulumiwa haki zao. Amin.

Simameni kwa swala.